Ngombe Wenu wa Mahari Anapepesa Jicho Mara Tano

Goma, Keshero, tarehe 12 aprili 1989

Kwa Citoyen Bagalwa,
Karani Mukubwa wa Mizani katika nyumba ya kununua kahawa,
Bunagana

Papa mukwe wangu mwenye heshima zake zote,

Ninakusalimia wewe, ninamusalimia bibi yako Mama Eugénie, na kijana wetu Wenceslas ambaye anangoja tarehe 22 ya mwezi huu aje kuchukua mujukuu wangu Léocadie. Angoje vizuri, akiwa amekaa. Kusimama kutamuchokesha.

Barua hii ninaiandika kwa mukono wangu mwenyewe. Nilisoma miaka miwili kwa masista, mwaka wa tatu baba akanipeleka kwa ngombe. Ukiona herufi imelala, usicheke. Imechoka tu, kama mimi. Na usiseme kwamba kuna mutu amenisukuma kuandika. Mimi hakuna mutu anayenisukuma, muulize mutoto wangu Laurent, amejaribu miaka arobaini.

Turudi kwanza mwezi wa pili, kabla ya Kwaresima, ili usiseme nimesahau. Tulipatana ngombe wane. Watatu walikuja kwa miguu yao, Laurent, baba ya Léocadie, akawapokea na kuwapandisha Masisi. Juu yao sina neno, isipokuwa mumoja anapiga teke, na tabia hiyo hakuizoea kwetu. Ngombe wa ine alikuwa wangu. Unajua desturi yetu: ngombe wa mwisho anakwenda kwa mutu aliyelea binti, na Léocadie nimemulea mimi, tangu mama yake alipotuacha na yeye akaletwa kwangu akiwa na miaka mitatu na kikohozi. Basi ngombe wa ine akaja. Alikuja kwa lori, ndani ya kartoni.

Nilikuwa tayari kununa. Lakini musemaji wenu, Muzee Mulumeoderhwa, alisimama, akavuta koti lake chini, akasema mbele ya watu wote kwamba nyakati zimebadilika, kwamba patron wako wa zamani aliporudi kwao Ulaya alikuachia kitu ambacho hata wakubwa wa Kinshasa wanakitamani, mashini ya kuleta baridi, ile wanaita klimatizeri. Halafu akainua kidole, akasema: huyu ni ngombe. Ngombe asiyejua kupe, asiyeingia shamba la jirani, asiyehitaji kamba, na maziwa yake yanatoka tayari yakiwa baridi. Watu wakapiga makofi. Laurent akapiga makofi. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa nyingi siku ile. Na mimi nikakubali, kwa sababu mutu muzima mwenye mvi akisimama mbele ya wakwe akasema hiki ni ngombe, basi kwangu kimekuwa ngombe. Nilimupa hata jina. Anaitwa Maziwa, kwa sababu ya rangi yake, si kwa sababu ya kazi yake.

Ninakuomba ushike neno hilo vizuri, maana barua yote imesimama juu yake. Kumuita ngombe hakukutoka kwangu, kulitoka kwenu.

Sasa ninaweka malalamiko yangu kwa namba, kama munavyofanya kwenye biro, kule ofisini.

1. Ngombe hakutembezwa. Ngombe wa mahari anapitishwa mbele ya watu, wanamuangalia kwato, meno, macho, namna anavyoweka muguu chini. Wenu alitolewa kwenye kartoni na fundi Cyprien, ambaye alitoboa ukuta wangu wa mbao, akatundika kichwa chake ndani juu ya kitanda changu, na tumbo lake akaliacha nje nyuma ya nyumba, juu ya majiwe ya volkano, vyote viwili vikiunganishwa na bomba. Papa Bagalwa, nimeona ngombe wengi katika maisha yangu. Ngombe mwenye kichwa upande huu wa ukuta na tumbo upande ule, sisi tunamuita nyama.

2. Alikuja na mafua. Ana jicho moja tu, la kijani, dogo kama punje ya mbaazi, kwenye shavu lake la kuume. Haikupita hata wiki moja, jicho likaanza kupepesa: mara mbili, linapumzika, mara mbili, linapumzika. Léocadie, ambaye ana diplome yake, akafungua kitabu kilichokuja pamoja naye, kimeandikwa Kifaransa, na mule ndani kuna ukurasa wa magonjwa. Kila ugonjwa una hesabu yake ya kupepesa. Hilo, sitaficha, lilinipendeza. Ngombe wa kawaida anakuangalia tu na macho yake makubwa, na wewe utafute mwenyewe kinachomuuma. Wenu anasema. Mara mbili, kitabu kinaeleza, ni kwamba kitambaa cha kuchuja hewa kimejaa vumbi. Tukakitoa puani, tukakiosha na sabuni, kikatoa maji meusi kama ya chungu cha maharagwe. Kulikuwa na moshi wa makala, mukaa wangu wa kupikia, ndiyo. Kulikuwa na vumbi la volkano, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na vumbi la zamani lenye harufu ya kahawa, na mimi kahawa sinunui wala siuzi.

3. Anazimia jioni. Mara tatu maana yake kuran, yaani umeme, ni kidogo. Ikifika saa kumi na mbili, kartie yote, mutaa muzima, inachomeka vitu vyake, kuran inalegea, na Maziwa anapepesa mara tatu halafu ananyamaza. Jirani yangu Mama Kasoki ana watoto sita wenye sare za ekole, na yeye anazipiga pasi zote jioni. Nikakwenda kumuomba kwa upole apige pasi asubuhi. Akaniangalia, akaniuliza: Koko, nyanya yetu, tangu lini ngombe anasumbuliwa na pasi? Nikageuka, nikarudi kwangu. Papa Bagalwa! Mimi, kushindwa maneno na Kasoki, na mulango wake uko wazi, na watu wanapita! Aibu hiyo peke yake inastahili ndama.

4. Namba ine niliiandika. Léocadie akaisoma juu ya bega langu, akasema maneno hayo hayawezi kupelekwa kwa wakwe. Nimeifuta. Ilihusu Muzee Mulumeoderhwa.

5. Hapa ndipo penye ugonjwa mukubwa. Tangu tarehe 10 marsi, mvua zilipoanza kweli, jicho linapepesa mara tano. Usifikiri nimekosea kuhesabu. Mimi nilikaa upande moja wa kitanda na bakuli la maharagwe, ninaweka punje moja kwa kila kupepesa. Léocadie alikaa upande mwingine na bakuli lake, amenipa mugongo. Ndivyo tunavyohesabu ngombe wakiingia zizini, watu wawili pande mbili za mulango, bila kuangaliana. Yeye tano, mimi tano. Asubuhi tano, muchana tano, siku ya Mungu tano. Anatoa baridi kidogo, anakata, anapepesa.

Kitabu kinasema nini juu ya mara tano? Kinasema: muite fundi mwenye kibali. Maneno hayo yako pale, nimeweka kidole changu juu yake. Nikamuita Cyprien. Akaja na turnevis yake ya kufungulia skrubu, akafungua kichwa, akafunga kichwa, akazima, akawasha. Tulipomaliza kunywa chai, mara tano tena. Akataka kwenda nyuma ya nyumba kuangalia tumbo. Nikamukatalia. Nyuma ya nyumba ndipo mashuka yangu yanaanikwa, na mwanaume asiye wa ukoo hatembei katikati ya mashuka ya mama muzee. Akasema ni kama munamuita dokta kwa ajili ya tumbo halafu munamuonyesha sikio. Nikamuambia anywe chai yake. Mwisho akasema kwamba kama hawezi kuona nyuma, basi anafikiri labda kuna kipande kimekufa, na kipande kama hicho hakipatikani karibu kuliko Kinshasa. Umesoma vizuri? Kimekufa. Mulinipa ngombe mwenye kiungo kilichokufa.

6. Sikutaka kushika neno la Cyprien peke yake, kwa hiyo nilimuita Habarurema, muganga wa ngombe, mutu ninayemufahamu tangu alipokuwa akichanja ngombe zetu Masisi. Alikuja na mufuko wake. Akaweka sikio, akasema ndani kunanguruma vizuri. Akagusa pua, akasema ni baridi, na ngombe muzima ana pua baridi. Nikaanza kuogopa kwamba atamupa cheti cha afya. Lakini akauliza: anakunywa? Nikasema hapana, tangu afike hajanywa hata kikombe. Akauliza: anakojoa? Nikasema siku akiwa muzima anakojoa muchana kutwa, kwa mupira mwembamba, maji meupe kabisa, beseni linajaa, ninamwagilia sombe yangu, mihogo ya majani. Habarurema akafunga mufuko wake. Akasema munyama anayekojoa bila kunywa hakufundishwa juu yake. Nikamuomba aandike papye na kupiga muhuri kwamba ni mugonjwa. Akakataa, eti papye yake ina nafasi ya idadi ya meno.

7. Nani atazaa? Unajua vizuri kwamba ndama jike wa kwanza wa ngombe wa mahari anarudi kwenu, ili na bibi-arusi apate maziwa kule anakokwenda. Miezi tisa, kumi, mutakuja hapa na makoti yenu kudai ndama. Nimeangalia tumbo lile miezi miwili, halikui. Nimemuuliza Léocadie kama kitabu kinasema dume wao anapatikana wapi. Kuna ukurasa wa magonjwa, kuna ukurasa wa kusafisha, ukurasa wa uzazi hakuna. Mimi sipendi deni na wakwe. Sasa mumeniweka ndani ya deni ambalo hata Mungu hawezi kunisaidia kulilipa.

8. Baridi tunayo yetu. Hapa Keshero inatoka kwenye ziwa asubuhi, inapita kati ya mbao bila kupiga hodi, inakaa na sisi hadi saa ine. Patron wako huyo, pale Bunagana, hakuwahi kumuwasha huyu ngombe hata siku moja, Wenceslas alimuambia Léocadie, kwa sababu Bunagana baridi inapita hata ya hapa. Yaani kule juu, na mvua ile, na ukungu ule unaoingia hadi ndani ya sufuria. Na Léocadie ana kifua chake tangu utoto, kikimushika anahitaji uji wa mutama wenye tangawizi, na kuupika si kila mutu anajua, unataka kukorogwa bila kuacha. Lakini hii si lalamiko. Nimeiandika kwa kupita tu. Ngombe ndiye lalamiko.

Kwa hiyo, Papa mukwe wangu, ninasema kwa adabu lakini ninasema: kwetu ngombe wa mahari akionekana mugonjwa kabla ya binti kutoka nyumbani, binti anangoja. Sikuizua mimi, niliikuta. Léocadie hatoki tarehe 22. Hatoki tarehe 29. Hatoki hadi jicho lile litulie.

Ili usifikiri mimi ni mutu mugumu, ninakupa njia.

Leta ngombe mwingine, mwenye kichwa na tumbo mahali pamoja. Hiyo ndiyo njia fupi.

Kama hauna, Wenceslas aje achunge huyu. Ngombe mugonjwa haachwi bila muchungaji. Tutamupa kiti, tutamupa bakuli la maharagwe, atahesabu. Léocadie atamuletea chakula, sikatazi, wao si wageni tena. Usiku atalala kwa Mama Kasoki.

Utaniambia kwamba Wenceslas ana kazi kwenye mizani. Nimefikiri juu ya hilo. Mizani ihamie hapa. Mbele ya nyumba kuna nafasi pana, majiwe tutayasawazisha. Nyuma hapana, nimekwisha kukueleza juu ya mashuka.

Utaniambia kwamba kahawa haiwezi kufuata mizani, kwa sababu nyumba yenu inahitaji kuwa karibu na mupaka wa Uganda. Na hilo nimelifikiri. Mupaka si mulima, haukuota wenyewe. Marehemu babu yangu alituambia watu waliupima na kamba na vijiti, na kitu kilichowekwa na kamba kinaweza kusogezwa na kamba. Wewe una elimu, unajua kuandikia wakubwa. Waandikie waulete mupaka hapa Keshero, hata ukifika tu kwa Kasoki nitaridhika. Ukipima vizuri utaona kwamba ni kazi ndogo kuliko kumutoa Léocadie hapa na kumupeleka kule juu.

Ninafunga hapa maana mukono umeanza kulalamika na wenyewe. Unisalimie Mama Eugénie, muambie ile siagi yake ilifika na ilikuwa nzuri, chumvi tu ilipungua. Unisalimie watoto wote kwa majina yao. Unisalimie Wenceslas, kijana mwenye heshima, hana kosa katika jambo hili isipokuwa lile la kutupenda. Muzee Mulumeoderhwa umusalimie nusu, nusu nyingine atakuja kuichukua akileta ngombe.

Ninabaki mukwe wako, sijakasirika lakini niko karibu,

Apolline, Koko ya Léocadie
(Jina la ubatizo serikali hailitaki kwenye karte ya kitambulisho. Hii si karte.)

N.B. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha na uji, nimeifungua tena, kwa hiyo usishangae ikikunata mukononi.

Kabla ya yale maneno ya kumuita fundi, kitabu kina maneno mengine ambayo sikukuandikia. Kinasema: mara tano, muangalie kwanza kama kuna kitu kimefunika upande wa nje. Mukiondoe. Akiendelea, ndipo mumuite fundi.

Kitu kilikuwapo. Ni blanketi. Ile tarehe 10 marsi mvua ilinyesha kutwa, nikachungulia nyuma ya nyumba, nikaona lile tumbo limekaa peke yake juu ya majiwe, linatetemeka. Nikalifunika na blanketi la kijivu, lile nililomufunika nalo Léocadie siku alipoletwa kwangu. Siku ile nilifanya kwa huruma, Mungu anajua. Jioni yake jicho likapepesa mara tano, nikalivua blanketi kidogo, jicho likatulia, nikalirudisha, likapepesa. Basi nilijua. Sikuliondoa tena. Nilihesabu maharagwe yangu na kila punje ilikuwa siku moja ninayoongezewa.

Na mashuka yale, si mimi niliyeyaanika mbele ya blanketi. Ni Léocadie. Sikumutuma. Mwezi muzima ameanika kila asubuhi mashuka ambayo ni makavu. Na kile kitabu kina kurasa kumi na mbili tu, na yeye, mutu mwenye diplome, amenisomea ukurasa moja kwa siku tatu, anasoma, anarudia, anasema Koko, hapa tusome tena. Mimi nikasema ndiyo, tusome tena. Hatukuambiana kitu kingine.

Leo, nilipokuwa ninapaka bahasha uji, alifika ukurasa wa mwisho. Akakifunga kitabu. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na blanketi amelikunja vizuri, akaliweka juu ya magoti yangu, akakaa karibu nami. Jicho la Maziwa limetulia. Ananguruma vizuri, anakojoa vizuri, na mimi ninakuandikia nikiwa nimevaa makoti mawili.

Kwa hiyo njooni tarehe 22. Mizani ikae kwake, mupaka ukae kwake. Ngombe nitabaki naye, musijaribu kumuchukua, nimemuzoea, na ndama nitawatolea kwa wale watatu wa Laurent, kwa yule anayepiga teke. Blanketi litakuja na Léocadie. Limeoshwa. Muambie Wenceslas ni kwa kifua, si kwa miguu.

Na kwa kuwa Léocadie hana jicho la kijani wala kitabu ndani ya kartoni, ninakuandikia ukurasa wake hapa, uuweke mahali Wenceslas atauona. Akijibu kwa neno moja, ana njaa. Akijibu kwa kichwa, amechoka, asiulizwe zaidi. Akiimba huku anafagia, ana jambo la furaha anaficha, mungoje. Akinyamaza siku nzima, na ukamukuta anaanika mashuka ambayo ni makavu, musimuite fundi wala muganga. Mupandisheni lori moja kwa moja, mumulete kwangu, siku mbili zinatosha, halafu nitamurudisha mwenyewe.